Usaili wa kazi ya kwanza ya programu Kampala: jiandae kwa mdomo

Usaili wangu wa kwanza niliufeli kwa ukimya. Nilipewa swali dogo, nikaliona jibu lake ndani ya dakika mbili, nikainamia laptopu na kuandika dakika ishirini bila kutoa neno. Nilipoinua uso, dada aliyekuwa akinisaili alikuwa ameshafunga daftari lake. Msimbo ulikuwa sahihi. Barua pepe ya kunishukuru kwa muda wangu ilifika kesho yake, hata chai ya saa nne sijanywa.

Nilikalia viti vingine viwili vya aina hiyo kabla ya kuelewa kwamba jibu lenyewe si bidhaa wanayoitafuta. Jibu siku hizi linapatikana bure kwenye simu. Yule dada alitaka kusikia ninavyofikiri, kwa sababu ningeajiriwa, yeye ndiye angekaa nami miezi ya mwanzo akinifundisha mfumo wao, na mtu bubu hafundishiki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mazoezi ya mdomo. Ni kwa ajili yako uliyemaliza Makerere, Kyambogo au Muni, au uliyejifunza mwenyewe kwa bando la usiku, na sasa umeitwa. Nachukulia una wiki tatu. Kama unayo moja tu, nenda moja kwa moja hatua ya tatu na ya tano, ukae huko.

Hatua ya 1: Jua unaitwa kwenye nini

Jibu mwaliko siku hiyohiyo na uulize mambo matatu: usaili una hatua ngapi, kuna zoezi la kuandika msimbo au hakuna, na utatumia mashine yako au yao. Kuuliza hakukuaibishi. Kwa kazi za ngazi ya chini, mara nyingi huanza simu fupi, likafuata zoezi la nyumbani au la mbele ya msaili, kisha mazungumzo na timu. Kampuni ndogo huyamaliza yote mchana mmoja, na mkurugenzi mwenyewe ndiye anayekuchorea ubaoni.

Baada ya hapo, pakua programu yao na uitumie kama mteja. Kama ni ya boda, panda boda. Kama ni ya mikopo, soma masharti hadi mwisho. Zima data katikati ya shughuli uone inakuambia nini. Andika mambo mawili yaliyokukera na moja ulilolipenda. Mwishoni watakuuliza kama una swali, na hapo hutababaika.

Tangazo likitaja teknolojia kumi na mbili usiogope. Aliyeliandika aliorodhesha kila kitu kilichomo kwenye mfumo wao tangu siku ya kwanza. Tafuta zile mbili au tatu zinazojirudia, hizo ndizo za kazi.

Hatua ya 2: Shika lugha moja

Python, JavaScript, Java, PHP, yoyote. Iwe ile unayoweza kuandika bila kufungua Google: kuzungusha orodha, kukata neno, kupanga, kusoma faili, kuandika jaribio dogo. Ijaribu kwenye karatasi pia, maana wapo ambao bado wanakupa ubao mweupe na kalamu. Ukiulizwa kwa nini umeichagua hiyo, "ndiyo ninayoifahamu zaidi" linatosha kabisa.

Hatua ya 3: Fanya maswali madogo, kwa sauti

Maswali ya ngazi hii si ya kutisha kama yanavyosimuliwa. Kugeuza neno, kutafuta kilichojirudia, kuhesabu herufi, kupata namba mbili zenye jumla fulani, kuangalia kama mabano yamefungwa sawasawa. Hata FizzBuzz ya zamani bado inaulizwa: hesabu kutoka 1 hadi 100, panapogawanyika kwa 3 andika Fizz, kwa 5 andika Buzz, kwa zote mbili FizzBuzz. Kinachowaangusha watu ni namna ya kulibeba swali mbele ya mtu anayekutazama. Tulipitie moja kwa ukaribu.

Swali: "Una orodha ya namba za simu za wateja waliolipa leo kwa pesa za simu. Nipe waliolipa zaidi ya mara moja."

Usiguse kibodi. Uliza kwanza. Orodha inaweza kuwa tupu? Ni ya watu mia au laki? Jibu liwe kwa mpangilio fulani? Na swali ambalo wengi hawaliulizi: namba zote zimeandikwa kwa mtindo mmoja? Hapa Uganda namba ileile utaikuta imeandikwa 07XX 123 456 kwenye fomu moja, +2567XX 123 456 kwenye nyingine, na bila jumlisha kwenye ya tatu. Kwako ni mteja mmoja, kwa kompyuta ni watatu. Nimemwona msaili akikaa wima kiti chake kwa sababu ya swali hilo peke yake.

Kisha toa mfano mdogo kwa mkono: wateja A, B, A, C, jibu ni A. Mwonyeshe msaili, akubali. Mkikosa kuelewana hapa, kila kitakachofuata ni kazi bure.

Halafu itaje njia ya kijinga, bila aibu: nachukua kila namba nailinganisha na zote zinazoifuata. Ipigie hesabu kwa sauti. Namba 1,000 ni ulinganisho 499,500. Namba 100,000 ni karibu bilioni 5. Sasa umempa sababu ya kutafuta njia bora, hukuirukia kwa kuwa uliikariri.

Njia bora ni kamusi, ile ambayo kwa Python inaitwa dict. Mimi niliielewa vizuri siku niliyojaribu kumweleza shangazi yangu, anayeuza samaki wakavu sokoni Arua na ana daftari la madeni ambalo hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

"Shangazi, ukitaka kujua Mama Zubeda anadaiwa kiasi gani, unasoma daftari lote?"

"Nisome lote kwa nini? Kila mtu ana ukurasa wake. Nafungua wa kwake."

"Na akija mgeni?"

"Namfungulia mpya." Akanitazama sana. "Mwanangu, hiki ndicho ulichokisomea miaka mitatu?"

Ndicho, shangazi. Kila namba ina ukurasa, namba ikija unafungua ukurasa wake unaongeza moja. Orodha unaipitia mara moja tu. Kwa msimbo ni hivi:

def safisha(n):
    n = n.replace(" ", "").replace("+", "")
    if n.startswith("0"):
        n = "256" + n[1:]
    return n

def waliorudia(namba):
    hesabu = {}
    for n in namba:
        n = safisha(n)
        hesabu[n] = hesabu.get(n, 0) + 1
    return [n for n in hesabu if hesabu[n] > 1]

Unapoandika, ongea. Si lazima utangaze kila mstari kama mpira wa redioni, sema sababu. "Naitenga hii ya kusafisha peke yake ili niweze kuijaribu." Ukimaliza usiseme umemaliza. Weka kidole kwenye mstari wa kwanza na upite na mfano wako wa A, B, A, C, ukitamka thamani ya hesabu kila mzunguko. Kisha jaribu orodha tupu, mtu mmoja tu, mitindo mitatu ya namba, na neno lisilo namba kabisa. Hapo wewe mwenyewe utagundua kwamba safisha haikatai takataka, na utasema: "Kwenye kazi halisi ningeongeza ukaguzi wa urefu." Kujikuta na kosa kabla ya msaili hakukupunguzii maksi, kunakuongezea.

Mwisho taja gharama: muda unakua sambamba na urefu wa orodha, na nafasi kwenye kumbukumbu vilevile. Ukitaka kidogo cha ziada, taja kwamba tangu Python 3.7 kamusi inatunza mpangilio wa kuingiza, hivyo majibu yatatoka kwa mpangilio wa aliyetangulia kulipa.

Na ukikwama? Utakwama. Sema umekwamia wapi: "Najua nahitaji kukumbuka namba nilizokwisha kuziona, sijapata pa kuziweka." Msaili wa kawaida atakurushia kidokezo. Kidake! Nimekaa upande wa pili wa meza mara kadhaa sasa, na kinachonisikitisha ni kijana anayepewa kidokezo mara tatu na kuendelea na njia yake, kana kwamba kusaidiwa ni kushindwa.

Ratiba: maswali mawili kwa siku, dakika thelathini kila moja, huku simu ikikurekodi. Jisikilize usiku. Inachoma, lakini ndiyo dawa. Kwenye rekodi yangu ya kwanza kulikuwa na dakika tisa za pumzi na kibodi. Wiki ya pili tafuta mwenzako mmoja mpeane zamu ya kusaili. Asiwe rafiki anayekuonea huruma.

Kuhusu lugha. Usaili utakuwa wa Kiingereza, na sisi tuliokulia pale ambapo Kiswahili ndicho cha sokoni, cha uwanjani na cha utani, tunajikuta tukifikiri kwa lugha moja na kujieleza kwa nyingine. Nilichofanya mimi ni kulieleza kila swali mara mbili: kwanza kwa Kiswahili kwa mtu asiyejua programu, kisha kwa Kiingereza kwenye rekodi. Ukishindwa kulieleza kwa Kiswahili, basi hujalielewa, na Kiingereza kingekuficha tu. Ukiweza, Kiingereza kinafuata chenyewe, hata kiwe cha sentensi fupifupi. Sentensi fupi zinatosha.

Hatua ya 4: Hifadhidata, na mtego mmoja

Kazi nyingi za kwanza hapa ni za kuchota na kuingiza data, kwa hiyo SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, itaulizwa. Jifunze kuchagua, kuchuja, kupanga makundi na kuunganisha majedwali mawili. Kisha ujue mtego huu, kwa sababu unapendwa sana.

Kuna jedwali la wateja na jedwali la malipo. Unaambiwa: nipe kila mteja na idadi ya malipo yake, pamoja na ambao hawajawahi kulipa. Ukitumia JOIN ya kawaida, wasiolipa wanapotea, kwa sababu hawana mstari upande wa pili. Unahitaji LEFT JOIN. Hadi hapo wengi wanafika. Halafu wanaandika COUNT(*), na asiyewahi kulipa anaonekana amelipa mara moja, maana LEFT JOIN imemwachia mstari wake mmoja wenye utupu (NULL) upande wa malipo, nao umehesabiwa. Dawa ni kuhesabu safu ya upande wa malipo:

SELECT w.jina, COUNT(m.id)
FROM wateja w
LEFT JOIN malipo m ON m.mteja_id = w.id
GROUP BY w.id, w.jina;

COUNT(m.id) inaruka utupu, na asiyelipa anapata 0. Tengeneza majedwali mawili ya mistari mitano kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya kujaribia, uyaone hayo kwa macho yako. Kulisoma tu hapa hakutoshi.

Jambo jingine la pesa: usizihifadhi kama desimali za kuelea (float). Mwambie Python ajumlishe 0.1 na 0.2 uone, utapewa 0.30000000000000004. Shilingi ya Uganda haina senti kwa matumizi ya leo, kwa hiyo namba nzima inatosha, na ukilitaja hilo kwa kampuni ya malipo watakuandika vizuri.

Mengine ya kupitia harakaharaka: tofauti ya GET na POST, yaani ombi la kuchukua data na la kutuma, maana ya majibu ya seva 200, 404 na 500, tawi la Git (programu inayotunza historia ya msimbo) ni nini na migongano unaitatuaje. Jioni moja inatosha.

Hatua ya 5: Ujue mradi wako hadi mifupa

Hapa ndipo mtu asiye na uzoefu anapompita mwenye shahada nzuri. Chagua mradi mmoja. Miradi sita iliyonakiliwa kwenye video haikusaidii, kila mtu ana ileile programu ya hali ya hewa. Mmoja ulioujenga, ukaharibika, ukautengeneza.

Kwetu hapa mradi mzuri mara nyingi unagusa pesa za simu, kwa sababu kampuni ya simu ya MTN ilianza huduma hiyo Uganda mwaka 2009 na sasa ndiko duka, shule na kanisa vinakolipia. Lakini mtu aliyeunganisha mwenyewe anajulikana kwa vitu vidogo. Anajua kwamba kwenye uwanja wa majaribio wa API ya MTN MoMo, yaani mlango ambao programu yako hupitia kuomba malipo, sarafu ni EUR, na kwamba jioni yake ya kwanza ilipotea akituma UGX na kukataliwa. Anajua kwamba ukimwomba mteja alipe, hujibiwi "amelipa". Unajibiwa 202, yaani ombi limepokelewa, basi. Mteja bado yuko na simu mkononi akiandika namba ya siri, au amepanda boda na simu iko mfukoni. Wewe unabaki na kitambulisho ulichokituma kwenye X-Reference-Id, unarudi nacho kuuliza: bado, imekubali, au imeshindwa?

Na hapo linakuja swali ninalolipenda kuliko yote kwa wanaoanza: umetuma ombi, mtandao ukakatika kabla ya kupata jibu, utafanya nini? Anayesema "natuma tena" amemtoza mteja mara mbili. Anayefikiri kidogo anasema: kitambulisho nilikihifadhi kwenye hifadhidata yangu kabla ya kutuma, kwanza nauliza hali ya hichohicho. Na hata nikikituma tena, API inarudisha 409, yaani kitambulisho hicho kimeshatumika, badala ya kuanzisha malipo mapya. Ukiweza kulieleza hilo kwa utulivu, huku ukichora mishale mitatu kwenye karatasi, umeshaonyesha unavyofanya kazi.

Si lazima iwe malipo. Mwenzangu mmoja alipata kazi kwa programu ya kupanga zamu za maji kwenye bweni lao la Kikoni. Alichokuwa nacho ni majibu: kwa nini aliweka data vile, ni hitilafu gani ilimnyima usingizi, na angebadilisha nini leo. Andaa hayo matatu.

Kabla hujatuma kiunganishi cha GitHub, tovuti unakoweka msimbo wako, kagua mambo mawili. Nenosiri au ufunguo wa API uliosahaulika kwenye faili: ukiufuta leo bado uko kwenye historia ya Git, kwa hiyo ubatilishe kabisa utoe mwingine. Na namba za simu za watu wa kweli ulizojaribia: Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na msaili akiikuta orodha ya majirani zako humo, atajiuliza utafanya nini na wateja wake.

Hatua ya 6: Acha "tulifanya"

Watakuuliza kuhusu mgongano na mwenzako, kosa ulilofanya, kitu ulichojifunza haraka. Andaa visa viwili vya kweli, kila kimoja dakika mbili.

Shida yetu ni malezi. Tumefundishwa kwamba anayejisifu hana adabu, basi kila kitu tunasema "tulifanya", "tuliamua". Msaili anabaki hajui wewe ulikuwa wapi. Jizoeze kugawa: "Tulikuwa wanne. Mimi nilishika sehemu ya kuingia na ya ripoti." Huko si kujisifu, ni kutoa hesabu. Na ukisimulia kosa, liwe kosa kweli. "Kosa langu ni kufanya kazi kupita kiasi" wameshalisikia.

Hatua ya 7: Zoezi la nyumbani

Soma maagizo mara tatu, fanya kilichoombwa, usiongeze mapambo. Programu iendeshwe kwa amri mbili au tatu zilizoandikwa kwenye README, faili la maelekezo, na uijaribu kwenye mashine ya rafiki kabla ya kutuma. Weka majaribio machache. Andika aya moja ya ulichokiacha kwa kukosa muda.

Kuhusu akili mnemba, uliza kama inaruhusiwa. Ikiruhusiwa, tumia, lakini usitume mstari usioweza kuueleza, kwa sababu hatua inayofuata ni kuuelezea hasa.

Wakikutaka ujenge mfumo kamili wa wiki mbili bila malipo, hilo si zoezi tena, ni kazi. Una haki ya kupendekeza kipande chake. Na anayekudai pesa ya fomu, ya mafunzo au ya "kuhifadhi nafasi" kabla ya usaili ni tapeli, hata awe na ofisi ya vioo.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Saa kwanza. Mwaliko ukisema 10:00, ni saa nne asubuhi yetu. Iandike kwenye karatasi kwa mitindo yote miwili. Nafahamu mtu aliyefika ofisini saa kumi jioni, amenyoa vizuri. Kama wasaili wako Uingereza, kumbuka sisi hatubadilishi saa na wao hubadilisha: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba wako nyuma yetu kwa saa mbili, miezi mingine kwa tatu.

Usaili wa video: chaji laptopu kabla ya kulala, nunua bando la mtandao wa pili uliweke kwenye simu, jaribu hotspoti yake kwa simu ya video na mtu halisi. Zima VPN, ile programu ya kupita vizuizi vya mtandao: tangu Facebook ilipofungwa hapa Januari 2021 wengi wetu tunaiacha inafanya kazi mchana kutwa mpaka tunasahau ipo, na inachelewesha picha. Kama kwenu umeme hauaminiki au kuna jogoo na watoto, omba kona kwenye ukumbi wa kazi wa pamoja, kwa mfano Innovation Village ya Ntinda, na ufike mapema ujue soketi iko wapi. Umeme ukikatika katikati, tuma ujumbe mfupi mara moja, usitoweke. Hapa kila mtu anaelewa umeme.

Usaili wa ana kwa ana: nenda siku moja kabla ukaone jengo. Barabara ya Jinja asubuhi haina huruma, na taksi, yaani basi dogo la abiria, kutoka kituo cha Old Park inaondoka ikijaa, si wewe ukiwa tayari. Mimi huacha taksi mahali foleni inaposhikia na kumalizia kwa boda, nikiwa na shati ndani ya mfuko na jaketi kuukuu juu, kwa sababu ya vumbi, au tope ikiwa ni Aprili. Beba kitambulisho cha taifa. Kwenye majengo mengi askari wa mlangoni atakuandika kabla ya kukuruhusu. Msalimie vizuri kwa Kiganda, "gyebaleko, ssebo", na dada wa mapokezi vilevile. Kula kitu kabla. Rolex ya kona, chapati iliyoviringishwa na mayai, inashikilia hadi saa saba, ila usiile ukiwa na shati jeupe.

Ndani, ukiulizwa usichokijua, sema hukijui na useme ungekitafuta wapi. Halafu nyamaza. Kujaza pengo kwa maneno kumewaangusha wengi kuliko kutokujua.

Hatua ya 9: Swali la mshahara

Litakuja ghafla, pengine kwenye ile simu ya kwanza kabisa ukiwa ndani ya taksi. Waulize wawili watatu walioanza kazi mwaka huu au uliopita wanalipwa kiasi gani, uwe na kiwango cha chini na cha juu. Kisha uliza wanazungumzia mshahara kabla ya makato au mkononi. Tofauti si ndogo: NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, peke yake inachukua asilimia 5 kwako, yaani 75,000 kwenye 1,500,000, na bado PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Mwajiri anapaswa kuongeza asilimia 10 yake ya NSSF juu, na si kuikata kwako. Uliza kwa upole kama wanailipa. Kuhusu muda wa majaribio, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka kikomo cha miezi sita, na kuurefusha kunahitaji ridhaa yako. "Tutakuangalia mwaka mzima kwanza" ni neno la kuliomba liandikwe.

Hatua ya 10: Ukitoka tu

Usiende kunywa kwanza. Kaa kwenye taksi, kiti cha nyuma, fungua daftari na uandike kila swali ulilokumbuka, hata yale uliyojibu vizuri, na jibu ulilolitoa. Ndani ya saa mbili nusu yake itakuwa imeyeyuka. Jioni hiyohiyo yafanye tena yale yaliyokushinda, kwa sauti. Kesho yake tuma barua pepe ya mistari mitatu ya shukrani, na kama kuna swali ulilibabaisha, weka jibu lake sahihi kwenye mstari wa nne. Wiki mbili zikipita kimya, uliza mara moja, kisha endelea na maombi mengine.

Daftari langu bado ninalo. Ukurasa wa kwanza una swali la yule dada: neno lipi limejirudia zaidi kwenye aya. Kwenye kiti cha nne, kampuni nyingine kabisa, walinipa swali lilelile limevaa nguo nyingine, bidhaa ipi imeuzwa zaidi kwa wiki. Niliweka kalamu chini, nikaanza kwa kuwasimulia daftari la shangazi.